Mawe Yanayokunywa Maji ya Chupa

Mtwara ni mji uliokaa juu ya matumbawe. Chimba shimo la choo Shangani, utagonga matumbawe. Egemea ukuta wa nyumba kongwe Mikindani, umeegemea matumbawe. Pita Madimba ufike Msimbati na Ruvula, utayakuta baharini yangali hai: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, watafiti wameorodhesha zaidi ya spishi 250 za matumbawe magumu. Katika mji huo ndimo mume wangu alimoagizia matumbawe kutoka Dubai, na yakaja kwa ndege.

Mume wangu anafundisha kemia sekondari. Mtaa mzima humwita Mwalimu, nami humwita hivyo hivyo, hasa nikiwa na hasira. Msimu wa korosho wa 2017 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mikorosho aliyorithi kwa baba yake Newala ikatushikisha fedha ambazo hatukuwahi kuzishika. Kuna waliopaua nyumba, kuna walionunua pikipiki, kuna walioongeza mke. Mwalimu alinunua tangi la kioo la lita 300, pampu, taa za buluu na mashine ya kupoza maji. Shoga zangu wakaniambia nishukuru Mungu: mke mwenza wa kioo hapiki, hazai, wala hagombei mirathi.

Nilimuuliza swali ambalo baadaye kila aliyeingia sebuleni kwetu aliliuliza: kama anataka matumbawe, si ashuke Ruvula maji yakitoka akachukue? Akanijibu kwa sauti ya darasani. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na kung'oa tumbawe hai humo ni kosa, hata kipande. Haya ya Dubai asili yake Indonesia, tena hayakubomolewa mwambani. Hupandwa kwa vipande kama mihogo: unakata pingili, unaichomeka, inashika, inakua, unaikata tena.

Aliyemtia wazimu huo kwa picha za simu ni binamu yake aliyeko Dubai. Huyo naye alikuwa na haraka. Indonesia, alisema, imesitisha kusafirisha matumbawe mwaka huu wa 2018. Yaliyobaki madukani yakiisha yameisha. Maneno hayo kila muuza duka wa Kariakoo anayo ulimini, ila safari hii yalikuwa kweli. Indonesia ilikuja kufungua tena mwaka 2020, lakini wakati huo fedha yetu ilikuwa imeshaingia maji.

Zikafuata karatasi. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, mkataba ule ule unaotajwa redioni zikikamatwa pembe za ndovu. Hayatoki nchi moja kwenda nyingine bila kibali cha yanakotoka, na huku kwetu nako Mwalimu akahangaikia kibali cha kuingiza viumbe hai vya majini. Alijaza fomu kwa mwandiko wa mtihani. Mtoto wetu mmoja alikuwa anahitaji cheti cha kuzaliwa mwaka huo huo. Mawe yalipata karatasi kabla yake.

Yalitua Dar es Salaam ndani ya sanduku jeupe la kutunzia baridi, kila tumbawe na mfuko wake wa maji na hewa ya oksijeni. Kutoka hapo Mwalimu alipanda nalo basi, amelipakata, kwa kuwa kondakta alitaka kulitia kwenye buti pamoja na magunia. Abiria wa kiti cha pili akamuuliza kama ni samaki. Akasema ni matumbawe. "Unayapeleka wapi?" Mtwara. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba mtu yule alianza kucheka kwenye Daraja la Mkapa na hakunyamaza mpaka Nangurukuru.

Mama mkwe alikuja kutoka Mikindani kuyatazama. Mama huyu alikulia kwenye chokaa. Enzi zao wanaume walikwenda na mitumbwi maji yakitoka, wakabomoa matumbawe kwa mitaimbo, wakayaleta ufukweni. Yalipangwa juu ya magogo yaliyorundikwa duara, yakachomwa mpaka yakawa meupe, kisha wanawake wakayamwagia maji yakafumuka unga, wakapima kwa debe wakauza. Akavaa miwani, akainamia kioo.

"Haya ndiyo mawe ya ndege?"

"Si mawe, Mama. Ni wanyama."

"Wanakula?"

"Wanakula. Usiku wananyoosha mikono wanakamata vidudu. Mchana wanalishwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya miili yao. Wao wanaupa makazi, nao unawapa sukari."

"Mpangaji analipa kodi kwa sukari," alisema Mama. "Mimi wapangaji wangu hata fedha hawalipi."

Akanyoosha kidole kwa lile lenye mikono mirefu yenye ncha za kijani, linalopepea muda wote. Mwalimu akamwambia jina lake ni Euphyllia. Mama akalijaribu mara moja, akaliacha, akampa jina lake mwenyewe: Mwali. Kwa nini? Kwa sababu amewekwa ndani, haguswi na jua, analishwa vizuri, na nyumba nzima haizungumzi kingine.

Tuliahidiwa kwamba tangi lingejiendesha. Mwalimu alikuwa na hadithi ya Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye mwaka 1961 aliandika jinsi alivyofuga viumbe vya mwambani kwa maji ya bahari, mawe hai na viputo vya hewa tu, bila mitambo. Jakarta iko pwani ya joto, Mtwara iko pwani ya joto, basi. Lakini bahari ina watumishi wengi, na kwa kuwa ndani ya tangi hakuna hata mmoja wao, kazi zao tuligawiwa sisi.

Mtoto wetu wa kwanza alifanywa bamvua. Kila mwisho wa wiki alitoa sehemu ya maji ya zamani akatia mapya, na hayo mapya hayakutoka bandarini, maana bandarini kuna mafuta ya vyombo. Yalitoka Msimbati, kwa madumu, juu ya bodaboda. Mdogo wake akawa usiku wa bahari: taa zikizimwa, ndiye aliyedondosha chakula kwa bomba la sindano, punje kwa punje, naye anasinzia. Mwalimu alijipa kazi ya mwezi, yaani kusimama na kuamuru.

Mvua ilinunuliwa. Maji ya tangi yakipanda hewani, chumvi hubaki, na matumbawe hayataki chumvi ivuke sana gramu 35 kwa lita. Kwa hiyo kila siku lazima uongeze maji baridi matupu, tena safi. Mwalimu aliyapima ya bomba letu akasema yana madini yasiyofaa. Basi tukafika mahali ambapo watu wa nyumba hii walikunywa ya bomba yaliyochemshwa, na mawe yakanywa maji ya chupa.

Mimi nilifanywa upepo wa kusi. Matumbawe haya hustarehe maji yakiwa nyuzi 25 hadi 27, na sebule yetu mwezi wa kumi na mbili hupita 30 kabla ya adhuhuri. Mashine ya kupoza ilimaliza umeme wa LUKU hadi Mwalimu akaanza kuizima kwa siri yake mwenyewe, na badala yake akaniomba nigandishe chupa za maji za kuelea tangini. Friza ile ni yangu. Nauza barafu na juisi za kugandisha, na kwa fedha hiyo ndiyo watoto huvaa viatu. Nusu yake ikawa mali ya Mwali. Dawa ya kupuliza mbu ikapigwa marufuku sebuleni, kwa kuwa ikitua majini inaua. Udi nao ukafuata. Jioni tulikaa gizani chini ya mwanga wa buluu, tunaumwa na mbu, tunatazama viumbe ambavyo haviumwi na chochote.

Aliyeifanya kazi yake kwa ufundi ni Mama, na kazi hiyo hakupewa. Mifupa ya tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Linajenga kila siku, na kadiri linavyojenga ndivyo kalsiamu inavyopungua majini. Baharini haiishi, kwenye lita 300 inaisha. Wafugaji wa ng'ambo huirudisha kwa maji ya chokaa. Mwalimu alikuwa akiitafuta chokaa hiyo mtandaoni, bei inamtoa jasho, huku Mama amekaa mkekani anatafuna tambuu. Mama akafungua kijaluba.

"Hii je?"

Mwalimu akaipima kwa karatasi zake za maabara, akanyamaza. Ilikuwa ndiyo. Mama akamfundisha mwalimu wa kemia namna ya kuikoroga kwenye maji baridi, kuifunika isipate hewa, kuiacha itulie mpaka mashapo yazame, na kuteka maji maangavu ya juu peke yake. Yakadondoshwa usiku, tone baada ya tone, kwa mpira wa dripu. Siku moja Mama yuko msibani, Mwalimu akaona tone linachelewesha akamimina kikombe kizima. Maji yote yakageuka meupe, hata Mwali hakuonekana, na mume wangu akakesha. "Chokaa haina haraka," Mama alimwambia aliporudi. "Uliona wapi mtu anakimbia na chokaa?"

Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa akichoma matumbawe apate chokaa, sasa alikuwa anayeyusha chokaa yapatikane matumbawe. Mwalimu alifurahi akaanza kupima ukuaji kwa rula. Alimweleza Mama kuwa yale ya matawi hukimbia, lakini yale makubwa ya duara, yaliyokuwa yakibomolewa Mikindani, hukua kama sentimita moja kwa mwaka.

Mama akaacha kutafuna. "Tulikuwa tukileta jiwe la upana wa meza hii. Wanaume wawili hawalibebi."

"Meza hii ni mita moja. Toka katikati mpaka ukingoni ni sentimita 50. Miaka hamsini, Mama, au zaidi."

"Na tanuu moja lilikula mangapi!" Akahesabu kwa vidole, akaziacha hesabu njiani. "Baba yako alishuka kutoka Newala kuja kuchoma chokaa apate mahari yangu. Kumbe niliolewa kwa vitu vilivyomzidi bwana harusi umri."

Tangu siku hiyo hakuyaita mawe. Sisi wengine tuliendelea.

Msimu uliofuata wa korosho haukufanana na ule wa kwanza. Novemba 2018 serikali iliamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300, askari wa jeshi wakapelekwa kuzibeba, na malipo kwa wakulima wengi, sisi tukiwamo, yakawa ya kungojea. Matumbawe hayangojei. Machi, bahari yenyewe ya huku inapokuwa na joto kuliko miezi mingine, umeme ulikatika alasiri moja ukarudi usiku. Pampu zilikaa kimya, barafu ikayeyuka ikaisha. Kesho yake yale ya matawi yalianza kupauka kutoka chini kwenda juu. Joto likizidi, tumbawe humtimua yule mpangaji wake wa sukari, na likishamtimua rangi huondoka naye. Halijafa hapo, lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyafanyia hivyo matumbawe ya Bahari ya Hindi nzima, na mengi hayakurudiwa. Ya kwetu hayakurudiwa.

Moja lenye umbo la sahani halikufa kwa joto, lilichomwa. Usiku Mwali hurefusha mikono maalumu yenye sumu akapapasa majirani, na anayemfikia anamuunguza ili apate nafasi. Mwalimu alisema inatakiwa kuwaacha mbali mbali. Mama alisema yeye angemwambia hilo siku ya kwanza. Hakuna mwali anayependa mwenzake alazwe kando yake.

Hapo ndipo ikaja tahadhari ya Kimbunga Kenneth. Aprili 2019 redio zilitutangazia kuwa kinatujia sisi, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, na watu wa mwambao wakatakiwa kuhamia sehemu salama. Jirani akatupa pikapu twende kwa shangazi, Newala. Mama alipanda na kijaluba na Msahafu. Watoto walipanda na madaftari. Mwalimu alipakia sanduku la baridi lenye Mwali na manusura wengine, pampu ya hewa ya betri, na ndoo tatu za maji ya bahari zenye mifuniko. Nafasi ya friza yangu ikakosekana. Tulikuwa tunaikimbia bahari huku tumeipakia.

Barabara ya Nanyamba na Tandahimba ilikuwa matope. Kila shimo, ndoo zilimnyunyizia Mama. Watoto walishika zamu ya mawimbi, yaani kukoroga maji ya sanduku kwa kikombe, na aliyesinzia aliamshwa na sauti ya baba yake: "Wimbi!"

Sasa, msomaji anayeijua Newala anajua kwamba mji ule uko juu kwenye uwanda wa Makonde, na maji yako chini. Vizazi vya wanawake wameshuka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani, na hata baada ya mitambo ya kuyasukuma maji juu, mtu wa Newala hachezei tone. Shangazi alisimama mlangoni akaona ndoo tatu zimejaa zinateremshwa. Akashika kifua.

"Mwaka gani huu! Mgeni wa Mtwara ananiletea maji!"

Mwalimu akamwamkia, kisha akaingia ndani haraka kutafuta mahali penye kivuli pa kuweka sanduku. Kwa haraka hiyo hakumaliza sentensi iliyotakiwa kufuata shikamoo. Asubuhi binti wa shangazi aliinuka mapema, akaona asimalize maji ya nyumbani wakati wageni wamekuja na yao, akabandika maharage kwa ndoo moja. Yalichemka mpaka saa sita na hayakulainika. Shangazi akaonja mchuzi, akatema, akamwita kaka yake marehemu kwa jina, amuulize amemzaa mtoto wa namna gani.

Usiku ule wa tarehe 25 Kenneth aliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, akaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mtwara tulipata mvua na upepo tu. Tulikwenda Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika, tukatazama bonde la Ruvuma na mawingu yaliyolala upande wa Msumbiji. Mama aliwaombea dua watu wa kule. Hakuna aliyetaja matumbawe, hata Mwalimu, na ninampa sifa yake.

Lakini tuliporudi kwa shangazi, Mwalimu alifungua sanduku, akatia kipimajoto, na uso wake ukabadilika. Nyuzi 24. Bila mashine, bila barafu, bila LUKU. Mwali alikuwa amefunguka mikono yote kuliko alivyowahi kufunguka kwetu Shangani. Katika mkoa mzima wa Mtwara, mahali panapomfaa kiumbe huyu wa bahari palikuwa juu mlimani, kwenye nyumba isiyo na maji. Mwalimu akamwomba shangazi, kwa adabu zote, amwachie Mwali pale.

"Mwache," alisema shangazi. "Ila uache na bahari yake, na mtu wa kuikoroga. Mimi binti yangu ana maharage ya kupika."

Tulirudi naye. Wale manusura wengine hawakuvumilia safari ya pili. Akabaki Mwali peke yake katika lita 300, na swali la kumpeleka wapi. Kumtia baharini Shangani? Mtaalamu wa uvuvi aliyeulizwa alisema hapana: kiumbe wa bahari nyingine anaweza kushuka na ugonjwa au mdudu ambao matumbawe yetu hayaujui. Kumuuza? Anataka karatasi upya. Kumchoma? Mama alisema anayetaka kumchoma aanze na yeye. Hivyo tukawa na mwali ambaye haolewi, hauzwi wala harudi kwao.

Nikaitisha kikao, Mama akiwa mwenyekiti. Nilimwambia Mwalimu kwamba hesabu zake zote zina kosa moja: ameandika bei ya taa, pampu na kibali, lakini upepo, mvua na bamvua ameviandika bure, kwa sababu baharini ni bure. Nyumbani kwangu vina majina na vinakwenda shule. Mama akaunga mkono. Yeye na wenzake, alisema, waliuza chokaa kwa bei ya kuni na mgongo tu, na miaka hamsini ya jiwe hakuna aliyeitia kwenye bei. Sasa mwanawe asirudie biashara ile ile sebuleni.

Tukaandika masharti. Maji ya chupa basi: Mwalimu aweke mifereji ya bati na tangi la kuvunia mvua, na watu wachote kwanza, Mwali baadaye. Bamvua na mlisha usiku walipwe kila Jumamosi. Chokaa ya Mama irudishwe, pamoja na tambuu na popoo juu yake. Barafu inunuliwe kwangu kwa bei ya mtaani, fedha mkononi, bila mkopo. Mwalimu alisoma, akauliza kama kuna punguzo kwa wanandoa, akasaini.

Mifereji ipo, na maji ya mvua yanatufaa hata sisi tusio na mikono ya kijani. Malipo huwa yanafika, isipokuwa mwezi uliopita alichelewa siku ya barafu, nikaziuza chupa zake zote kwa mama muuza samaki wa feri. Jioni Mwalimu alinikuta mlangoni ameshika pochi.